Mazutu Haina Cheche

Ruashi, saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba.
Upepo umeshuka kutoka Kundelungu bila viatu,
umekanyaga nyasi za bondeni ukaziacha nyeupe,
ukaja moja kwa moja shingoni mwangu.

Mtu wa nchi ya theluji angetucheka:
nyuzijoto nne, ndiyo baridi hiyo?
Aje aseme hayo akiwa amelala chali
chini ya lori lililoandikwa usoni USINICHEKE,
spana mkononi, na vidole havijui vya nani.

Betri ililala ndani. Si utani.
Shofa Mutonkole aliifunga blanketi la mtoto
akailaza kati yake na mkewe.
Mke hakusema neno usiku kucha.
Asubuhi akauliza tu: "Na yenyewe inakoroma?"

Naibeba mimi, Kapya, boyi-shofa,
kifuani, kama kichanga kilichonyonya risasi.
Nafunga waya. Chanya. Hasi.
Napiga pampu ya mkono mara arobaini.
Mutonkole anageuza ufunguo.

Ng'oo.
Ng'oo... ng'...
kama mtu aliyesikia sauti ya mdai wake mlangoni.

"Acha, utaiua!"
Oili imeshikana kama bukari wa jana,
mwiko ungesimama peke yake.

Ng'ambo ya barabara mbabula ya Mama Chalwe
imekwisha kuwa nyekundu.
Anafunua beseni, anafunika, anafunua tena:
unga haujaumuka. Tangu saa tisa ya usiku
umejikunja chini ya kitenge kama mgonjwa.
"Na watoto wa shule wanakuja na franka zao," anasema,
si kwangu, kwa beseni.

Namwomba makaa.
Ananitazama kana kwamba nimemwomba jino.
Kisha analitazama lori. Analitazama beseni.
"Likiwaka, tumbo lake linapata moto?"
"Moto sana, mama."
"Basi beba yote. Ila usinikimbie."

Karai la makaa chini ya tumbo la injini,
gunia kuzuia upepo, na kungoja.
Kungoja nako ni kazi, ila hailipwi.
Mutonkole anavuta sigara mbali na tangi,
anasema anachosema kila mwaka mwezi huu:
"Mazutu haina cheche, Kapya. Petroli ndiyo ya kubembelezwa.
Hii unaibana na hewa yake, unabana, unabana,
mpaka hewa yenyewe inakasirika."
Nikafikiria mshahara wangu wa miezi minne
nikanyamaza.

Tone moja la oili likaanza kutembea.

Ufunguo.
Ng'oo, ng'oo, ng'oo, wa tatu ukakohoa,
wa kwanza ukajibu,
kisha yote sita ikaanza kugombana kwa pamoja,
moshi mweupe, moshi wa majivu,
vioo vya duka la Baba Ngosa vikatetemeka,
na jogoo aliyekuwa akiwika akaacha katikati ya neno.

Mama Chalwe hakungoja kuitwa.
Alivuka na beseni kichwani.
Tukafungua boneti, tukaliweka pembeni mwa injini
palipo na bamba tambarare, kitenge juu,
nami nikalishika lisiteleze.
Shaba ilikuwa mgongoni, tani thelathini.
Foleni ya Kasumbalesa ilikuwa ikirefuka bila sisi.
Mutonkole alitazama saa yake mara moja,
akaivua, akaitia mfukoni.

Injini ilitikisa ule unga kama mama asiye na subira.
Dakika kumi. Ishirini.
Kitenge kikaanza kupanda,
polepole, ua lake la manjano likinyooka,
mpaka likasimama sawa na kidevu changu.

Nilimrudishia makaa, nusu yake yalikuwa majivu.
Akatupa mikate sita ya kwanza ndani ya gazeti.

Ilikuwa na harufu ya mazutu, kidogo,
nyuma kabisa ya sukari.
Tuliila yote kabla ya kizuizi cha kwanza.