Jina la Kanga

Mtaa wa Uhuru, duka la tatu kutoka kona,
naisoma inaning'inia mlangoni:
HUJUI NILIVYOLALA, MBONA WANIAMKIA?

Yangu hiyo.
Niliitunga Tandika, luku imekata,
mtoto ana homa, kalamu ya kuazima.
Wakala alibaki na daftari zima.
"Tutakupigia."

Muuzaji ananikunjulia doti.
"Elfu kumi na mbili, dada. Jina lake tamu, eh?"
"Nani kalitunga?"
Anacheka mpaka anakohoa.
"Kanga nayo ina mtunzi?"

Nimelipa. Sikuomba hata punguzo.

Usiku, kwenye pindo, kwa uzi wa sare ya shule,
nimeshona herufi zilizopindapinda:
Siwema Mkwachu, Tandika.
Nikajifunga.
Kesho nakwenda nayo kwa wakala.
Aniamkie.