Chini ya Sifuri

Thembo hushuka darajani kabla ya kengele ya parokia,
simu mdomoni, tochi ikimulika,
huinamia ubao wa kipimo, husoma,
huandika kwa wino wa buluu:
arobaini na mbili. Arobaini na moja. Thelathini na tisa.
Ijumaa huleta daftari ofisini, Kasese mjini,
kurasa zina matope pembeni,
nami nazilaza tarakimu kwenye lahajedwali,
kila asubuhi na kisanduku chake.

Mwanzo nilichora mistari iliyonyooka.
Mkuu akasema, hii ni meno ya msumeno,
wafadhili wanakuja Jumanne, hebu ilainishe.
Ni kubofya mara moja. Nikabofya.
Mstari ukalegea, ukajipinda kwa madaha,
na mimi, nisiseme uongo, nikaupenda.

Ni Thembo, roleksi ikiwa bado shavuni,
aliyeweka kidole kwenye kioo:
"Kabugho, hapa Februari, maji yalikwenda wapi?"
Kati ya asubuhi mbili zilizolala juu ya sifuri
mstari, ukitafuta nguvu za kupanda,
ulikuwa umejichovya kwanza:
sentimita sita chini ya sakafu ya mto.
"Nimeusoma miaka kumi na mmoja," akasema,
"nimeuona ukikauka mpaka mawe yakapasuka.
Mto unaodaiwa maji, sijauona."

Kidole kikasogea hadi Mei.
Usiku ule aliandika mia tatu na kumi
amekumbatia nguzo, mwandiko umepinda.
Mstari wangu ulipita juu yake, ukaenda mia tatu arobaini,
eti upate nafasi ya kugeuka.
"Kwa haya maji, kibanda cha Masika kingekwenda.
Masika yupo pale. Jana nimenunua nyanya kwake."

Nikajaribu wastani wa siku saba.
Usiku wa Mei ukawa kilima cha kulishia mbuzi.
Thembo hakusema neno.
Alichukua daftari lake akalifunga.

Basi nikakesha, umeme ukikatika na kurudi,
nikiandika kanuni, kisanduku kwa kisanduku:
ukifika kileleni, pita umelala;
ukifika bondeni, vivyo hivyo;
majirani wawili wakilingana, nyooka, usijipinde;
na kwingine kote, usipande kwa kasi
kumshinda jirani aliye mpole.
Nikapanda nukta ndogo kumi
kati ya kila asubuhi na asubuhi.

Mkuu akasema imekakamaa kidogo shingoni.
Thembo aliufuata kwa ukucha tangu Januari,
Februari ikagusa sifuri, ikakaa hapo hapo;
Mei ikapanda hadi pale alipokumbatia nguzo,
si zaidi. Ukucha ukasimama kidogo.
Ukaendelea.

Kisha: "Na hizi kumi za katikati,
nani alishuka kuzisoma?"

Hakuna, nikamwambia. Nimezikisia.

Akatafakari, akifuta mafuta ya roleksi kwenye suruali.
"Basi zisiwe nyeusi."

Nikaufanya mstari kuwa kijivu,
kijivu cha moshi unaokaribia kuisha,
na nukta zake nikazikuza,
nikahangaika robo saa na rangi
mpaka nikaipata ile buluu.