Ndoo

Tulifika Majengo saa nne, jua limeshakaa juu ya mabati:
baba na kibuyu cha mursik kifuani
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani,
Chebet na sweta la Eldoret alilokataa kulivua,
mimi na kichefuchefu cha basi la usiku,
na mama mbele yetu hatua tatu, kisha saba,
hatungojei.

Mama, ambaye nyumbani hutembea kama aliyebeba mayai.
Mama Chebet, sauti ya chini, kanga juu ya sweta,
asiyebishana hata na muuza sukari aliyempunja.

Miaka kumi na saba hakuwa amekanyaga mtaa ule.
Hilo tulilijua kama watoto wanavyojua mambo:
kwa mlango unaofungwa polepole,
kwa barua zilizorudi hazijafunguliwa,
na baba, karani wa posta, akiziweka yeye mwenyewe
kwenye droo ya chini, chini ya vitambaa vya meza.

Nyumba ilikuwapo. Nusu yake.
Upande wa kulia umekuwa karakana ya fundi wa redio,
waya zinaning'inia pale mama alipolala na dada zake wanne
kwenye kitanda kimoja cha kamba.
Fundi, kijana wa watu, alitukaribisha na bisibisi mkononi.
Alisema amenunua kwa aliyenunua kwa aliyenunua.
Baba akamkabidhi kibuyu.
Angempa nani tena?
Babu alizikwa mwaka wa mvua za Elnino,
na habari ile nayo ilitufikia imechelewa.

Ndipo ng'ambo ya kichochoro mtu akapiga ukelele:
"Kibiriti!"
Na mama akageuka.

Mama yetu. Akageuka kwa jina hilo
kana kwamba halikuwahi kuwa na jingine juu yake.

Alikuwa Mwanasiti, unga wa mahamri mpaka viwikoni.
"Kibiriti! Ndiwe, au ni mato yangu?
Ndoo! Ndoo nikutezame!"

Chebet, mtoto mtiifu, akaenda kutafuta ndoo.
Aliipata uani kando ya kisima, ya bati, ukingo umepasuka,
akaileta mbio kwa mikono miwili
akaisimamisha katikati ya wanawake wawili wanaolia.

Walivyocheka! Mama alicheka hata akashika ukuta.
Sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma kabla ya siku ile.
"Madhali ndoo imekuja," akasema,
akaifunga kamba, akaitumbukiza,
mikono yake ikiijua kazi kabla yake.

Maji yalikuwa na chumvi. Mimi niliyatema.
Chebet aliyameza kwa adabu, macho yamefumba.
Mama alikunywa kikombe, akanywa cha pili,
cha tatu akanawa uso,
akakaa na viganja usoni muda mrefu
kuliko uso unavyohitaji.

Baba bado alikuwa nje ya kizingiti.
Mwanasiti akamtazama kuanzia viatu.
"Ndiye yeye?"
"Ndiye."
"Mwambie angie. Waliomkataza hawapo."

Baba akavua viatu,
ijapokuwa sakafu ilijaa misumari na matone ya risasi,
akavuka kwa ncha za vidole, karani mzima,
kama mwizi aliyealikwa.

Hatukurudi tena. Nauli, shule, mambo.
Mama akarejea kuwa Mama Chebet,
mayai yake mikononi, "njoo" yake ya kawaida,
ya bara, isiyomchanganya mtu.

Ila usiku mmoja wa Julai umeme ulikatika,
mvua ikipiga, sote tumekaa gizani,
tukamsikia akipapasa rafu ya jikoni:
"Kibiriti kiko wapi?"

Na baba, kutoka kitini, bila haraka:
"Si ndicho kinachouliza."

Meno ya nyuma hatukuyaona, kwa giza.
Tuliyasikia.