Daftari la Wageni, Gezaulole

Jumamosi saa mbili na nusu nafungua kufuli.
Kufuli ni jipya, mlango una umri wa bibi yangu,
na ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga
tangu ule wa kwanza ulipozama chooni.

Kazi ya kwanza ni mavi ya popo.
Halafu buibui, halafu ngazi: vipago kumi na tisa.
Cha saba kimeoza, tumekifunga kitambaa chekundu.
Chausiku hukiruka bila kutazama,
kopo la grisi mkononi, sketi kaikaza kiunoni,
anapanda kuyapaka meno ya gurudumu la mninga
kama anayempaka mtoto mafuta kabla ya shule.

Pazi alikuwa fundi wa breki Temeke.
Siku hizi anashona matanga ya kinu
kwa turubai la lori. Tanga moja bado linasomeka
nusu ya neno: MIZIG.

Tuko watano. Hatulipwi.
Tunajitolea, na neno lenyewe limesema kweli:
kila mwisho wa mwezi tunatoa.
Misumari. Uzi wa nailoni. Nauli ya pantoni ya Pazi.

Mimi ndiye mwenye daftari. Nilistaafu posta,
mkono umezoea shughuli za watu.
Nimechora safu tatu: Jina. Utokako. Maoni.
Pazuri. Pazuri sana. Mungu awabariki.
Mmoja wa Mbezi: Wekeni choo cha kisasa.
Mtoto wa darasa la nne, herufi zimelala ubavu:
Mbona hakizunguki?

Wanasema bendera hufuata upepo.
Kinu hakifuati. Kinu hukaa pale pale,
kimenuna, kinangoja kuombwa radhi.
Wageni husimama kwenye kivuli cha mkono wake,
hupiga picha,
huuliza bei ya kiwanja cha jirani, huondoka.

Jumamosi ile umeme ulikatika tangu alfajiri.
Mashine ya Tarimo, inayotukoromea mwaka mzima
ng'ambo ya barabara, ilinyamaza,
na katika kimya kile tukasikia MIZIG
ikigongagonga mti wake.

Akaja mwanamke, debe la mahindi kichwani.
Hakutazama ubao wa historia.
Hakutazama kisanduku cha michango.
"Mnasaga?"

Tukatazamana. Miaka sita ya kufungua mlango
tumeulizwa nani alijenga, mawe yalitoka wapi,
kama usiku kuna mzimu.
Hilo, hapana.
Pazi akajifuta mikono isiyo na uchafu.
"Tunasaga," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeitwa mahakamani.

Chausiku akaachia breki.
Jengo zima likakohoa. Popo wakatoka
kama karatasi zilizoungua.
Jiwe la juu likajivuta juu ya la chini,
likasita,
likakumbuka.
Kwanza vumbi la kijivu, tukalimwaga.
Halafu chenga. Halafu unga,
una uvuguvugu kiganjani, kama kifaranga.

Yeye alikaa kwenye kiti cha wageni, akapiga miayo.

Akauliza ni shilingi ngapi. Hatukuwa na bei.
Tukabishana mbele yake kama ndugu kwenye mirathi
hadi akachoka, akachota unga bakuli moja,
akaliacha mezani. Basi.

Nikamsogezea daftari. Utaratibu ni utaratibu.
Jina: Kidawa Mwinchande.
Utokako: akaonesha kwa kidevu,
nyumba ya tatu, bati la bluu.
Maoni: alifikiri kuliko mgeni yeyote wa mwaka ule,
kalamu mdomoni, kisha akaandika
Una chenga kidogo. Ila watoto watakula.

Saa kumi umeme ukarudi, Tarimo akaanza kukoroma.
Geza ulole, walisema walioupa mtaa jina: jaribu uone.
Nikapanda mwenyewe kufunga breki, moyo mwepesi,
nikakisahau kipago cha saba.

Haya nayaandika mguu ukiwa
kwenye beseni la maji ya chumvi.
Daftari liko mapajani. Pembeni ya Maoni
nimebana safu ya nne, nyembamba,
rula imeteleza kidogo:
Vibaba.