Kopi Mbili Mbili

Alikuja saa nne, umeme umerudi muda si mrefu,
mashine bado inajipasha, inakoroma kama mtu wa pumu.
Akatandaza karatasi zake juu ya kioo cha kaunta,
juu ya bahasha za kaki na kalamu za buluu:
fomu ya polisi, imekunjwa mara nne, inanuka jasho la kifuani;
barua ya kazi, mistari mitatu, muhuri mmoja.
"Kopi mbili mbili," akasema.

Mimi si msomaji wa mambo ya watu.
Steshenari ya jirani na mahakama,
ukisoma kila kinachopita, jioni huli.
Lakini macho hayana pazia:
Skolastika Ngonyani, miaka thelathini na moja,
mhudumu, mgahawa wa Sinza Makaburini.
Daktari kaandika mbiombio: jicho la kushoto, ubavu.
Meneja kaandika kwa taipu safi:
*kwa kuwa sura yako kwa sasa inasumbua wateja.*

Mume kapiga usiku, bosi kamalizia mchana,
huyu kwa mkanda, yule kwa muhuri.

Mwanga wa kijani ukapita chini ya kifuniko.
Muhuri ukatoka mweusi, saini nyeusi,
picha ya jicho nyeusi tii:
mashine haitofautishi wino na damu iliyovilia.
Nikapunguza giza, nikarudia. Hiyo sikumtoza.

Kisha akatoa ya mwisho mkobani. Sheria.
Ile mpya; kopi ya kopi ya kopi,
herufi zimeanza kuota manyoya,
kifungu kimoja kimepigiwa mstari kwa wanja.
Hii niliisoma kwa makusudi.
Kwamba aliyepigwa nyumbani asifukuzwe kazini kwa kupigwa.
Kwamba siku za hospitali na za mahakama ni siku, zihesabiwe.
Kwamba jirani aliyesikia anaweza kwenda kusema.

Jirani aliyesikia.

Nilikaa Mburahati miaka sita, ukuta wa tofali moja.
Upande wa pili Mama Shukuru akilia,
upande huu mimi nikiongeza sauti.
Wagombanapo, chukua jembe ukalime, tulifundishwa.
Sikuwa na jembe.
Nilikuwa na redio ya betri nne.

Skolastika hakusema neno lolote la kishujaa.
Aliuliza kama nina pini za stepla.
Aliuliza dawati la jinsia linafungwa saa ngapi,
na kule kwenye usuluhishi wa kazi,
Ijumaa wanapokea watu kabla ya swala au baada.
Akatoa noti ya elfu tano, akahesabu chenji mara mbili,
kama mtu aliyeapa kuanzia leo
hapunjwi hata mia.

Sheria haina mikono, najua.
Haidaki mkanda hewani.
Inalowa, inapotea,
na yupo koplo mahali atakayeiwekea kikombe cha chai.

Lakini alipoondoka niliinua kifuniko
nikakuta kasahau ukurasa wa tisa, ule wenye wanja.
Nikamkimbilia hadi kwa muuza mihogo, nikampa.
Ila kwanza, Mungu anisamehe kwa kumchelewesha,
nilibonyeza moja zaidi.
Mia yake nikaitia mwenyewe kwenye droo.

Jioni hii sirudi nyumbani moja kwa moja.
Nashukia Mburahati.
Sijui hata kama bado anakaa pale.