Ukoo Gani?

Saint Paul. Theluji imefika dirishani.
Bibi Youa ameilaza simu kwenye mto,
sikio juu yake,
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
Ndani, mtu anasema Kihmong safi,
Kihmong cha milimani, toni zake zote.
Anamwita mama. Anamuulizia magoti.
Kisha: usiende zahanati,
sindano ile huandika jina lako,
na jina likiandikwa, unarudishwa.

Kurudishwa. Neno hilo analijua.
Aliivuka Mekong usiku, mtoto mgongoni,
akilikimbia.

Nilimcheka. Nakiri.
Nikamtumia maelezo ya Kiingereza,
herufi kama sisimizi.
Akasema, "Hayo hayajawahi kuniulizia magoti."

Njia ya mwongo fupi?
Huu umetoka Fresno hadi jikoni kwetu
na viatu havijalowa.

Jumamosi nilikuja bila hoja,
nilikuja na fungu la haradali. Tukachambua.
"Huyu bwana," nikauliza, "ukoo gani?"
Mkono wake ukasimama.
Kwetu mgeni huulizwa ukoo kabla ya maji.
"Hajasema. Miezi minne, hajasema."

Usiku ule akabonyeza kitufe,
akauliza mbele ya masikio mia tatu:
wewe mtoto wa nani?
Na wewe, nani kakwambia?
Laini ikakatika.

Zahanati hajaenda bado.
Ila amempigia Mai Chou,
amempigia mjane wa akina Lor,
nami nikivua buti mlangoni namsikia:
"Kwanza ukoo. Uliza ukoo, ndipo ulie."