Kibati Chini ya Kapo

Ninakisugua kwanza kwa brashi ya waya, taratibu,
kisha kwa kitambaa chenye mafuta taa,
kisha kwa kidole gumba peke yake,
kwa kuwa tarakimu zilizochoka hazitaki haraka.
Kibati hakizidi kadi ya kupigia kura,
ribiti mbili, moja kila upande,
na vumbi jekundu la Lubumbashi limelala ndani ya kila herufi
kama unga kwenye mistari ya kiganja.

Mama Kyungu amesimama mlangoni pa garaji, mkoba kifuani.
Mnunuzi ametoka Ndola, na hakuja kwa ajili ya gari.
Gari, kasema, libaki na kuku wenu.
Anataka kibati tu:
kwake kuna jingine la aina hii, zima, linang'aa,
lisilo na jina.

Basi nasoma.
Hamsini na nane: mwaka.
Nne zinazofuata: umbo la bodi,
milango miwili, paa gumu, bila nguzo kati ya vioo,
ili upepo ukatize kutoka bega hadi bega.
Herufi mbili: mji wa kiwanda, ng'ambo ya bahari,
mji ambao hata postikadi yake sijaiona.
Halafu foleni: bodi ya elfu kumi na moja, mia nne na saba.
Nawaza ile ya mia nne na sita, na ile ya mia nne na nane,
ndugu waliofuatana asubuhi moja
wasionane tena.

"Rangi?" anauliza mnunuzi, kalamu mkononi.
"Nyeusi," anajibu Mama Kyungu kabla yangu.
"Siku zote nyeusi. Baba mkwe tulimpeleka makaburini nalo,
na watu wote wa Kamalondo waliliona."

Kibati kinasema vingine.
Namba mbili za mwisho, chini ya neno lililofutika nusu:
tumboni feruzi, paani maziwa.
Nachukua msasa, nasugua nyuma ya taa, kiasi cha sarafu:
nyeusi, halafu kijivu, halafu nyeusi nyingine,
halafu, sogea uone, mama,
rangi ile ile ya jiwe la shaba
ambalo watoto huuza kando ya barabara ya Likasi.
Mama Kyungu anaweka mkoba chini.
"Kumbe alitudanganya?"
"Hapana. Alipiga rangi tu."

Mimi naitwa Mujinga.
Watu wa pwani wakilisikia huficha kicheko,
lakini kwetu ni jina la aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni.
Jina nalo ni kibati. Asiye na ufunguo
husoma tusi.

Na yapo ambayo hayakupewa namba.
Hakuna tarakimu ya tundu la risasi kwenye mlango wa kushoto,
lililozibwa kwa bati la kopo la maziwa,
kazi ya baba yangu, naijua nyundo yake:
hupiga mara tatu, hupumzika.
Hakuna herufi ya kiti cha nyuma kilichong'olewa
ili magunia ya mihogo ya Katuba yapate nafasi,
wala ya mwaka ule petroli ilipopimwa kwa vikombe.
Aliyegonga kibati hiki aliishia
pale gari lilipoanza.

"Toboa," anasema mnunuzi. Amehesabu noti mara mbili.
Mama Kyungu anaitazama ile sarafu ya feruzi.
Haniambii ndiyo, haniambii acha.
Nawasha dreli. Umeme, leo, upo.
Ribiti ya kushoto inatoka na uzi mwembamba wa alumini,
kibati kinainama,
kinaning'inia kwa ile ya kulia
kama jino la utotoni,

na umeme unakatika.
Tunabaki watatu gizani. Dreli inazunguka kidogo,
kwa mazoea, inanyamaza.
Kuku anapanda kwenye usukani.
Hakuna anayesema lolote kuhusu tochi.